Mwenye kucheza na mwenye kuchora: nani iko na deni?

Wazee wetu wanasema: macho hayana pazia. Kitu chenye kinapita mbele ya macho, macho yanakiona, hata kama mwenyewe hakutaka. Kwa hiyo hatuwezi kumuhukumu mutu sababu ya kuona tu. Lakini mukono si kama macho. Mukono wenye unakamata kalamu na kuchora mwili wa mutu mwingine uko na mwenyewe, na yule mwenyewe alichagua. Katika kurasa hizi tunataka kuuliza swali moja: mutu akichora mwanamuke anayecheza, kiisha akauza ile picha, anadaiwa kitu na yule mwanamuke, ao hadaiwi kitu?

Tutakamata mufano wa Paris, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati wachoraji wengi walikuwa wakiingia usiku mu sale za michezo na kuchora wanawake wenye kucheza. Musomaji anaweza kushangaa: kitabu cha desturi zetu kinatafuta nini ku Paris? Tuko na sababu mbili. Ya kwanza, mufano wa mbali unatusaidia kufikiri bila hasira, kwa kuwa hakuna mutu wa kwetu wa kutetea wala wa kushitaki. Ya pili, ule mufano si wa mbali sana kama tunavyozania. Mwaka wa 1888 muchoraji Toulouse-Lautrec alionyesha kazi zake ku Bruxelles, pamoja na kundi lenye liliitwa Les XX, na mwaka wa 1890 akaonyesha tena. Ilikuwa ile ile Bruxelles ya mufalme Léopold II, mwenye alitawala État indépendant du Congo tangu 1885 mpaka 1908. Ule muji wenye ulikuja kuangalia zile picha njo ulikuwa unakata maneno ya maisha ya babu zetu.

1. Muji, usiku na wasichana wa kazi

Mchezo wenye unaitwa kankani ulizaliwa mu sale za watu wadogo wa Paris, karibu na miaka ya 1830. Mwanzoni wanaume na wanawake waliucheza pamoja, na polisi walitumwa mu sale kuchunga adabu. Wengine walifukuzwa, wengine walipelekwa mbele ya tribinali. Polepole wanawake wakawa mafundi wake wakubwa. Wengi wao hawakuwa watu wa bure kama wakubwa wa muji walivyopenda kusema. Walikuwa wafuaji wa nguo na washonaji. Muchana mikono ilikuwa katika maji na sabuni, usiku miguu ilipanda juu.

Tarehe 6 Oktoba 1889, mwaka ule ule wa Maonyesho makubwa ya dunia na wa munara wa Eiffel, Joseph Oller na Charles Zidler walifungua Moulin Rouge, chini ya kilima cha Montmartre. Pale furaha ya watu wadogo iligeuka kuwa biashara kubwa. Wenye mali walitoka mu sehemu nzuri za muji, wakalipa mulango, wakasimama kuangalia. Hatusemi kama Moulin Rouge njo ilivumbula hayo mambo, lakini iliyafanya yaonekane wazi: mbele watu walicheza wao kwa wao, sasa kulikuwa pande mbili, wenye kucheza na wenye kuangalia.

Swali letu linaanzia hapo. Kama watu wote wanacheza, kila mutu anaona na kila mutu anaonwa, na hesabu inalingana. Lakini upande mumoja ukibakia na kazi ya kuonwa tu, hesabu inaharibika.

2. Mukono wa Lautrec

Henri de Toulouse-Lautrec alizaliwa ku Albi mwaka wa 1864, katika familia ya cheo cha zamani. Baba na mama yake walikuwa watoto wa ndugu. Alivunjika mapaja yote mawili, moja mwaka wa 1878 na lingine mwaka wa 1879, na miguu yake haikuendelea tena kukomaa. Akabakia na urefu wa metre 1 na sentimetre 52. Huyu mutu mwenye hakuweza kucheza, alipitisha usiku wake pembeni ya wenye kucheza, na kalamu mu mukono. Alikufa mwaka wa 1901, akiwa na miaka 36. Sisi tunafikiri kama mutu mwenye alizoea kushangaliwa na wapita-njia alijua vizuri uzito wa macho ya watu.

Mwaka wa 1891 alitengeneza afishi yake ya kwanza ya Moulin Rouge. Kopi karibu 3.000 zilibandikwa ku kuta za Paris. Tueleze kidogo ile kazi kwa wenye hawaijui. Muchoraji anachora juu ya jiwe laini, na kalamu yenye mafuta. Wanalowesha lile jiwe na maji, kiisha wanapakala wino wa mafuta. Mahali penye maji, wino unakataa kushika. Mahali penye mafuta, unashika. Wanakandamiza karatasi juu, na kila rangi inataka jiwe lake. Lautrec aliongeza ufundi mwingine: alichovya burosi ya meno ndani ya wino, akarusha vitone vidogo-vidogo, na picha ikaonekana kama vumbi na taa za usiku. Kwa namna hiyo, mwili wa mwanamuke mumoja uliweza kuwa ku kuta elfu asubuhi moja, na yeye mwenyewe angali analala.

Ile afishi inaonyesha nini? Katikati, mwanamuke na nguo nyeupe za ndani, muguu juu. Mbele, mwanaume murefu, mwembamba, rangi ya majivu: ni Valentin, mwenzake wa kucheza. Nyuma, mustari wa watu wenye makofia, weusi kabisa kama kivuli, bila macho wala midomo. Wale njo waliolipa. Tuangalie vizuri: mwenye kucheza iko na uso na nywele zake za rangi ya zahabu, lakini wenye kuangalia hawana uso. Na juu ya afishi jina limeandikwa: La Goulue.

3. Marie, Louise na Jeanne

Tukamate sasa wanawake watatu, kwa kuwa swali la deni halijibiwi kwa wanawake wote pamoja. Linajibiwa kwa kila mumoja.

Wa kwanza ni Marie van Goethem. Alizaliwa ku Paris mwaka wa 1865, wazazi wake walitoka Ubelgiji, mama yake alifua nguo za watu. Alikuwa mwanafunzi wa kucheza ku Opera. Kule pia kulikuwa pande mbili: wasichana wa familia za kimasikini ku jukwaa, na wazee wenye mali, waliolipa kiti cha mwaka muzima, na ambao walikuwa na ruhusa ya kuingia mpaka nyuma ya mapazia kusemezana nao. Edgar Degas alichora hayo yote. Mara nyingi mzee wa koti nyeusi anaonekana nusu tu, pembeni ya picha. Degas alimuchora Marie mara mingi, uchi na mwenye nguo, kiisha akatengeneza sanamu yake ya nta, na nywele za kweli na nguo ya kitambaa cha kweli. Aliionyesha mwaka wa 1881. Jina la sanamu: Musichana muchezaji wa miaka kumi na ine. Jina la Marie halikuandikwa. Wakosoaji wengine walimulinganisha na nyama ya pori; walisema uso wake unaonyesha tabia mbaya. Mwaka wenye ulifuata, 1882, Opera ilimufukuza, na habari yake inapotea. Kiisha kufa kwa Degas mwaka wa 1917, sanamu ilinakiliwa na shaba, kopi zaidi ya 20. Moja ya zile kopi iliuzwa ku New York mwaka wa 2022 kwa dola zaidi ya milioni 41.

Wa pili ni Louise Weber, yule La Goulue wa afishi. Alizaliwa mwaka wa 1866, yeye pia mutoto wa mufuaji wa nguo. Jina La Goulue, ni kusema mulafi, watu walimupa juu alikuwa na mazoea ya kumaliza glasi za wageni. Alikuwa mwanamuke wa kwanza wa Moulin Rouge, na afishi ya 1891 ilieneza jina lake muji muzima. Mwaka wa 1895 aliondoka, akataka kujitegemea ndani ya kibanda chake ku soko la michezo. Alimwandikia Lautrec, akamuomba amupambie kibanda. Lautrec alikubali, akachora vitambaa viwili vikubwa. Biashara haikuendelea. Miaka ya mwisho alionekana akiuza vitu vidogo-vidogo karibu na mulango wa Moulin Rouge, kule kule alikokuwa malkia. Vile vitambaa vilipita mu mikono ya watu wengi, mpaka muchuuzi mumoja akavikata vipande-vipande ili apate faida zaidi. Mwaka wa 1929 serikali ya Ufaransa ilinunua vipande na kuviunganisha. Mwaka ule ule wa 1929, Louise alikufa katika umasikini. Kwa picha, feza ilipatikana.

Wa tatu ni Jane Avril. Jina lake la kuzaliwa ni Jeanne Beaudon, wa mwaka wa 1868. Alipokuwa kijana alilazwa ku hospitali ya Salpêtrière, juu ya ugonjwa wa mishipa wenye ulitikisa mwili wake. Kiisha akawa muchezaji, na namna yake haikufanana na ya mutu mwingine. Yeye na Lautrec walikuwa marafiki. Mwaka wa 1893 Lautrec alimuchora ku jalada la mukusanyo wa picha wenye jina L'Estampe originale. Ndani ya ile picha Jane hachezi. Amevaa koti na kofia, amesimama mu kiwanda cha kuchapa, pembeni ya mashini, anashika karatasi na kuiangalia kama fundi anayepima kazi ya fundi mwenzake. Mwaka wa 1896 alipokwenda kucheza ku London na wenzake watatu, njo yeye alimuomba Lautrec afishi, na majina yote mane yakaandikwa: Jane Avril, Cléopâtre, Églantine, Gazelle. Baadaye alisema wazi kama afishi za Lautrec njo zilimupatia sifa. Alikufa mwaka wa 1943; yeye pia hakuacha mali.

Kalamu ilikuwa ya namna moja, miguu ilipanda namna moja. Lakini Marie alionwa tu. Louise alionwa na kutajwa. Jane alionwa, akatajwa, na akaangalia yeye pia. Kwa mawazo yetu, tofauti yote ya adabu iko pale.

4. Majibu mawili yenye hayatoshi

Kuna watu watatuambia: munajisumbua bure. Mwanamuke mwenye kuinua muguu mbele ya wanaume usiku, yeye mwenyewe alijitupa. Mutu aliyejitupa hana wa kumudai. Hili jibu tunalisikia sana, hata kwetu, na mara nyingi linatoka mu kinywa cha watu wa heshima. Lakini turudie ku ile afishi. Nani alilipa mulango? Wale wenye makofia, wenye hawana uso. Kesho yake waliamka, wakaenda ku biro, ku kanisa, ku meza ya familia, na hakuna mutu aliyewauliza. Kama haya ingalikuwa zambi, ilikuwa zambi ya pande mbili, lakini malipo yake yalibebeshwa upande mumoja. Zaidi ya hayo, kazi ya kucheza ni kazi. Kuinua muguu mpaka juu ya kichwa na kushuka chini bila kuvunjika kunaomba mazoezi ya kila siku. Hatuwezi kusifu mukono wa mwenye kuchora na kuzarau muguu wa mwenye kuchorwa, wakati ule mukono ulikula kutokana na ule muguu.

Wengine, zaidi wasomi, watatuambia kinyume: muchoraji anadaiwa ukweli tu. Akichora kweli, amemaliza. Akianza kuomba ruhusa kwa kila mutu, atakuwa mwenye kusifu-sifu tu. Hili jibu lina nguvu, na hatutaki kulitupa. Mwimbaji Yvette Guilbert alilalamika kwa Lautrec kwamba anamuchora mubaya sana. Afishi moja aliikataa kabisa. Je, Lautrec angepashwa kumufanya muzuri? Hapana. Lakini tuangalie yenye ilifuata. Mwaka wa 1894 kitabu cha picha za Yvette kilitoka, na maneno ya Gustave Geffroy, kopi 100 tu, na ku kila kopi Yvette aliweka sinyatire yake. Alikuwa na kinywa cha kukataa, na siku nyingine mukono wa kukubali. Ukweli wa muchoraji haukupotea. Kwa hiyo deni tunalolisema si deni la kupamba uso wa mutu. Ni deni la kumuachia kinywa chake. Marie hakuwa na kinywa ile siku wakosoaji walimufananisha na nyama.

Jambo moja tena. Watu wanaweza kufikiri kama jina linatosha. Halitoshi kila mara, kwa kuwa kuna majina yenye ni nguo ya wengine. Mwaka wa 1896 gazeti Le Rire lilichapa picha ya Lautrec ya mwanaume mweusi anayecheza ndani ya bare, ngozi yake nyeusi na mwili wake mwembamba kama upinde. Paris yote ilimujua kwa jina Chocolat. Aliitwa Rafael, alizaliwa mutumwa ku Cuba, na akawa muchekeshaji mukubwa wa sirkisi. Picha ni nzuri, ya heshima kuliko nyingi za wakati ule. Lakini jina ni jina la kitu cha kula. Alikufa ku Bordeaux mwaka wa 1917, akazikwa upande wa masikini. Jina mutu alilobandikwa na wenye kucheka si lake.

5. Noti ku paji la uso

Kwetu, ku arusi ao ku sikukuu ya kutoa matanga, mama mumoja akiingia katikati na kucheza vizuri, hatupigi makofi tu. Mutu anasimama, anatoa noti mu mufuko, anaenda mpaka mbele yake na kuibandika ku paji la uso. Wengine wanafuata. Vijana wanaona kama ni kujionyesha, na kweli wako wenye kujionyesha. Lakini tukiitazama vizuri, ile desturi ni fundisho la maadili. Inasema: macho yangu yamekula kitu chako, na mbele ya watu wote ninalipa. Anayelipa anaonyesha uso wake; si kivuli cha kofia. Anayelipwa ni yule anayecheza, si mwenye sale. Na wote wanajua kama ni mama wa nani.

Picha inaharibu ile hesabu, sababu inaondoka. Mwenye kuiangalia kule mbali hawezi kusimama na kubandika noti. Na sisi tulionjeshwa hayo zamani. Mu miaka ya 1920 na 1930, mupiga-picha Casimir Zagourski, mwenye studio ku Léopoldville, aliuza kadi za posta zenye ziliitwa L'Afrique qui disparaît. Wanawake na wanaume wa makabila yetu wako pale, wengine wamevaa nguo za ngoma. Picha ni nzuri, na leo zinatusaidia kujua mavazi na nywele za wakati ule, tunamushukuru. Lakini chini ya picha mara nyingi kuna jina la kabila, si jina la mutu. Mujukuu akitafuta nyanya yake pale, atapata kabila lote, yeye mwenyewe hatamupata. Ni hesabu ile ile ya Marie van Goethem.

Na leo? Leo kila kijana iko na telefone yenye kupiga picha. Mama anacheza ku arusi Jumamosi, Jumapili asubuhi mwili wake umefika mpaka kwa watu wasiojua arusi ilikuwa ya nani, na wanacheka. Jiwe la Lautrec liliomba fundi, wino na siku kazaa. Sasa kidole kimoja kinatosha. Hatusemi watu waache kupiga picha. Kama Lautrec angaliacha kuchora, leo nani angemujua Louise Weber? Lakini tunapashwa kufundisha watoto wetu mambo matatu, ku nyumba na ku kalasi: kuuliza mbele ya kutuma, kutaja jina lenye mutu anajiita mwenyewe, na kumukumbuka mwenye kucheza siku picha yake inaingiza feza.

6. Kwa kumaliza

Musomaji atatuambia kama Louise na Jane walitajwa, na bado walikufa bila mali. Ni kweli. Jina halishibishi. Hatukusema kama jina linamaliza deni. Tunasema linafanya deni lijulikane. Mutu asiye na jina, hakuna anayemudai wala anayemulipia. Mutu mwenye jina, hata akifa masikini, kuna siku mutu mwingine atasimama kwa ajili yake: mwaka wa 1992 mifupa ya Louise Weber ilihamishwa kwa heshima mpaka ku makaburi ya Montmartre, karibu na pale alipocheza. Marie, hata leo watu wanaendelea kutafuta alienda wapi.

Basi macho hayana pazia, tumekubali. Mukono njo uko na mwenyewe. Kila mutu mwenye kuchora, kupiga picha, kuandika ao kutuma, ajiulize mbele ya kufungua mukono wake: huyu mama niliyemukula na macho, nimemubandika nini ku paji la uso?